Je, wakazi wa Arusha tuko tayari kuwafungulia wengine maegesho yetu?

Mjumbe_Kaloleni (Arusha) anauliza:

Wadau wa Arusha na Moshi, salaam. Naleta kwenu jambo ambalo kamati ya mali na majengo ya usharika wetu imelijadili katika vikao kadhaa bila kufikia uamuzi, nikiamini kwamba humu wamo watu waliokwisha kulifanya, na wengine waliolikataa kwa sababu zenye uzito.

Kanisa letu lipo mwendo mfupi kutoka Soko Kuu. Uwanja wake hujaa magari siku ya Jumapili, kisha kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hubaki mtupu, isipokuwa kunapokuwa na ibada ya mazishi. Wakati huohuo, nje ya uzio, kuanzia saa tatu asubuhi mtu aliyekuja mjini kwa shughuli ya nusu saa huzunguka kutoka Barabara ya Sokoine hadi Goliondoi na kurudi tena akitafuta pa kuegesha, na mwishowe huliacha gari mbele ya fremu ya mtu au juu ya njia ya waenda kwa miguu. Sensa ya mwaka 2012 ililikuta Jiji la Arusha likiwa na watu 416,442, na ile ya mwaka 2022 ikalikuta na watu 617,631, lakini mitaa mingi ya katikati, iliyobanwa na mito na majengo ya zamani, imebaki na upana uleule.

Pendekezo lililo mezani ni kwamba tupokee waegeshaji wa mwezi kwa mwezi, siku za kazi tu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wajumbe wamegawanyika. Wapo wanaoona kwamba mapato yangesaidia kumalizia pevingi, kwa kuwa wakati wa masika uwanja wetu huwa tope; wapo wanaosema kwamba eneo la ibada lisigeuzwe kuwa la biashara; na wapo, ambao ndio wengi, wasiopinga wala kuunga mkono, bali kila tukikutana wanauliza swali moja, yaani ni nani hasa atakayeingia. Kundi hili la tatu ndilo linalonifikirisha zaidi, kwa sababu wazee walewale wanaosita hawajawahi kusita kumruhusu mganga wa zahanati ya jirani aingize gari lake kila asubuhi, tena bila malipo yoyote.

Ninaomba kujua mambo mawili. Ninyi wenye viwanja, nyumba na ofisi, ni jambo gani lingewafanya mkubali kuwafungulia wengine geti saa ambazo nafasi haitumiki? Na ninyi wenye magari, mngekubali kuegesha mahali pa namna hiyo na kutembea dakika tano, au mngeendelea kutafuta nafasi mbele ya duka mnalokwenda?

MwenyeNyumba_Levolosi (Arusha):

Ndugu Mjumbe, mimi ninafanya jambo hili nyumbani kwangu, na nitakueleza linavyokwenda.

Nyumba yangu ni ya urithi, ina uani mkubwa unaotosha magari sita yakipangwa vizuri. Wapangaji wangu hawana magari. Wa kwanza kuomba nafasi alikuwa mwalimu ninayemfahamu kwa miaka mingi. Yeye akamleta mwenzake mwenye duka la vitambaa, na huyo akamleta mwingine. Hadi leo sijawahi kumpokea mtu asiye na wa kumtambulisha, ingawa wamekuja wengi, wengine wakiahidi malipo mara mbili ya wanayotoa waliopo. Fedha ni nzuri, lakini siwezi kulala nikiwa sijui ni gari la nani lililo chini ya dirisha langu. Wazee wenu wanamruhusu mganga kwa sababu wanajua anakofanya kazi, wanajua sura yake, na likitokea jambo watamkuta. Mtu mwingine akiwa na sifa hizo tatu, nadhani watamruhusu pia.

Jambo ambalo watu hulisahau ni wapangaji. Uani ni mahali pao pa kuanikia nguo, na watoto wao ndipo wanapochezea wakitoka shule. Sikuwa na haki ya kuwaletea magari bila kuwauliza, hata kama hati ya kiwanja ina jina langu. Tulikaa, tukakubaliana kwamba sehemu ya fedha italipa bili ya maji ya nyumba nzima na umeme wa taa ya nje, na kwamba saa kumi na moja jioni magari yote yawe yameondoka ili watoto wapate nafasi yao. Tangu hapo wapangaji ndio walinzi wa kwanza wa magari hayo. Gari likiguswa na mtu wasiyemjua, mimi hupigiwa simu kabla hata mwenye gari hajajua.

Ugomvi tulionao ni mmoja tu, nao ni wa mtu kumfungia mwenzake kisha akaondoka. Kila gari sasa huacha namba ya simu kwenye dashibodi, na anayetoka mapema huingia mwisho.

Niongeze pia kwamba nimeshafuatwa na watu wanaotaka kujenga fremu mbele ya nyumba hii. Fremu zingeniingizia zaidi. Lakini uani ukishajengwa haurudi, na mji wetu umepoteza nyua nyingi kwa njia hiyo. Maegesho yamenipa sababu ya kuuacha ulivyo.

Dada_wa_Sekei (Arusha):

Mzee wangu wa Levolosi, shikamoo. Nimesoma maelezo yako na ninayaheshimu, lakini mimi nimekataa, na ningependa Mjumbe apate pia sauti ya anayekataa, kwa sababu mara nyingi tunahesabiwa kuwa wachoyo au watu tusioelewa maendeleo.

Ninaishi na mama yangu ambaye ni mtu mzima, pamoja na binti anayemsaidia. Mchana mimi niko kazini. Nafasi ya gari langu hubaki tupu kuanzia asubuhi hadi jioni, na ofisi mbili za jirani zimewahi kuiomba. Geti langu, hata hivyo, halitenganishi gari na barabara tu. Linamtenganisha mama yangu na kila mtu anayepita. Nikimpa mtu ruhusa ya kuingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni, nimempa pia ruhusa ya kujua ni saa ngapi sipo, nani amebaki nyumbani, na mlango upi huachwa wazi. Mtu mwema hatafanya lolote na ujuzi huo, lakini mimi sina namna ya kumpima.

Ndugu yangu mmoja, katika mji mwingine, aliwahi kumpa nafasi mtu aliyefahamiana naye juu juu. Gari likakaa siku nyingi bila mwenyewe kuonekana, simu ikawa haipatikani, na alipokwenda kutoa taarifa akatumia muda mrefu kueleza kwa nini gari asilolijua liko kwake. Halikuwa kosa la jinai, lakini tangu siku hiyo nyumba ile haifunguliwi kwa mtu.

Kwa hiyo, Mjumbe, ningewaomba msilinganishe uwanja wa kanisa na nyumba ya mtu. Ninyi mna mlinzi, mna kitabu getini, na wanaoamua ni kamati, si mtu mmoja anayekabiliwa na jirani mlangoni kwake. Kama kuna mahali pa kuanzia, ni kwenye taasisi. Na kama siku moja mtu atataka kunishawishi mimi, asianze na bei. Anihakikishie kwamba ninaweza kusitisha mpango siku hiyohiyo, bila kutoa sababu na bila kugombana na mtu, maana kinachonizuia zaidi kuanza ni kufikiri jinsi nitakavyoacha.

MipangoMiji_Moshi:

Ninaandika kutoka Moshi, na kazi yangu inahusu mipango ya matumizi ya ardhi. Nimefurahi kwamba mjadala umeanza na watu kabla ya michoro.

Msingi wa maegesho ya kushirikiana ni rahisi: majengo tofauti hujaa saa tofauti. Ofisi hujaa mchana na kuwa tupu usiku, nyumba za kuishi hufanya kinyume, kanisa hujaa Jumapili, msikiti hujaa Ijumaa mchana, ukumbi wa harusi hujaa Jumamosi jioni. Kila moja likijitengea nafasi za kutosheleza saa yake ya kilele, mji hutumia ardhi kubwa ambayo kwa sehemu kubwa ya wiki haina kazi. Nchini Marekani, taasisi ya Urban Land Institute ilichapisha mwongozo wa kukokotoa jambo hili tangu mwaka 1983, na Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza watu kwamba gari la kawaida limesimama takribani asilimia 95 ya muda wake wote.

Baadaye zikaja huduma za mtandaoni zinazomuunganisha mwenye nafasi na mwenye gari. London walianza na ile inayoitwa sasa JustPark mwaka 2006, na Osaka, Japani, akippa ikaanza mwaka 2014. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo uliowaondolea wenye nyumba hofu ya kudaiwa kibali cha mipango miji kwa sababu tu wamekodisha nafasi mbele ya nyumba zao. Japani ina jambo lingine la kutazamwa: tangu mwaka 1962 sheria yao inamtaka anayesajili gari athibitishe kwamba analo pa kuliegesha, kwa hiyo nafasi ya gari huko imezoeleka kuwa kitu chenye mwenyewe na chenye bei.

Programu hizo zilirahisisha kutafuta na kulipa. Kwetu kulipa si tatizo tena, kwa sababu hata muuza ndizi ana lipa namba. Kilichobaki ni kile Dada wa Sekei alichokieleza vizuri kuliko mtaalamu yeyote, nacho hakiletwi na programu peke yake.

Kuna jambo la bei pia. Ada ya maegesho ya barabarani katika miji yetu inasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Iwapo kuegesha barabarani kutwa nzima kutakuwa nafuu kuliko kuingia kwenye uwanja wenu, au iwapo mtu ataweza kuegesha penye katazo bila kuguswa, basi uwanja utabaki mtupu hata mkiwa na mlinzi bora. Kabla ya kupanga kiwango chenu, hesabuni kwanza mtu anayekaa mjini kutwa hulipa kiasi gani barabarani.

Nimalizie na la kwetu Moshi, kwa kuwa ndilo ninalolipigania. Mwezi wa Desemba watu wetu hupanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko, na kuanzia katikati ya mwezi Barabara ya Mawenzi, Double Road na mitaa inayozunguka soko la Mbuyuni hujaa magari ya watu wanaonunua vitu vya kupeleka mlimani. Wiki hizohizo shule zimefungwa. Shule za katikati ya mji zina viwanja vyenye uzio, geti na mlinzi anayelipwa mshahara akilinda nafasi tupu. Mwezi Januari wageni wakishateremka, ndipo shule hufunguliwa. Kalenda mbili zinazopishana namna hii ni bahati ambayo miji mingi haina, na sioni kwa nini kamati za shule, manispaa na serikali za mitaa wasikae pamoja mwezi Oktoba kupanga viwanja viwili au vitatu vya kuanzia. Mgeni wa Desemba hajulikani na mtu pale mjini, ni kweli, lakini uwanja wa shule iliyofungwa hauna mtoto wala mgonjwa wa kuhofia.

MshauriWaBima_Njiro (Arusha):

Nina machache kuhusu dhamana, kwa sababu humu ndimo makubaliano mengi huvunjikia.

Magari mengi yanayoingia mjini yana bima ndogo. Bima hiyo hulipa madhara ambayo mwenye gari amewasababishia wengine. Gari lake mwenyewe likiibiwa au likikwaruzwa likiwa limesimama uwanjani, bima ndogo haimfidii. Mtu huyo atamgeukia mwenye uwanja. Hapo ndipo umuhimu wa funguo unapoonekana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake. Mlinzi wenu akipokea funguo ili ayapange magari, ni rahisi sana mtu kudai kwamba gari lilikabidhiwa kwenu, na kibao cha "Egesha kwa tahadhari yako mwenyewe" hakitawaondolea mzigo huo wote.

Ningeshauri mwenye gari aegeshe mwenyewe, afunge mwenyewe, na abaki na funguo zake. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yaseme wazi kwamba anapewa nafasi ya kuegesha tu, yataje saa, na yaambatanishwe na nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya gari. Picha ya gari siku ya kwanza, pande zote nne, imewahi kumaliza mabishano ambayo yangefika mbali.

Kuhusu kodi, kuwa taasisi ya dini hakuondoi kwenyewe wajibu wa kodi kwenye mapato ya biashara. Mhasibu wa usharika apeleke suala hili TRA kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Mfanyabiashara_SokoKuu (Arusha):

Najibu swali la pili, la kutembea. Mimi ningetembea hata dakika kumi kama ningekuwa na uhakika kwamba nafasi yangu ipo kila asubuhi. Ninafungua duka saa mbili, na gari langu likikaa mbele ya duka langu mwenyewe limeziba mahali ambapo wateja wangesimama. Wenye maduka wengi mtaani kwetu tunafanyiana hivyo na kisha tunalalamika kwamba wateja wameyahamia maduka ya pembeni ya mji. Tukiwa na mahali pa kuyaweka magari yetu kutwa, barabara itabaki kwa anayekuja kununua na kuondoka.

Mteja, hata hivyo, msimtegemee atembee. Mama aliyenunua gunia la mchele hawezi kulibeba hadi kanisani, na usiku hakuna anayependa kutembea akiwa na mauzo ya siku. Uwanja wenu utatufaa sisi wa kutwa nzima. Na kwa kuwa sisi tuna fremu, tuna leseni, na majirani wanatujua, hata lile swali la wazee wenu la nani ataingia linapata jibu.

Mjumbe_Kaloleni (mwuliza swali):

Nawashukuru sana nyote. Dada wa Sekei, nimeichukua hoja yako ya kuacha, na nitapendekeza kwamba upande wowote uweze kusitisha makubaliano wakati wowote, na fedha za siku zilizosalia zirudishwe. Ndugu Mfanyabiashara, sikuwa nimefikiria kuanza na wenye fremu za mtaa wetu. Nadhani hilo peke yake linaweza kuwageuza wajumbe wengi, kwa sababu baadhi ya hao wenye fremu ni washarika, na wengine ni Waislamu wa mtaa uleule ambao tumezikana nao na kulishana kwa miaka yote. Suala la funguo nitalipeleka kama lilivyoandikwa.

Limebaki moja linalonitatiza. Harusi zetu ni Jumamosi na hazitagongana na mpango huu. Msiba hauna ratiba. Ibada ya mazishi inaweza kutangazwa leo jioni ifanyike kesho saa tano, na waombolezaji wakaja na magari na mabasi. Nikimwambia mtu aliyelipa mwezi mzima kwamba kesho hana nafasi, nimemvunjia uhakika uleule aliokuja kuutafuta. Mzee wa Levolosi, kwako huwa mnafanyaje?

MwenyeNyumba_Levolosi (Arusha):

Kwangu iliandikwa tangu mwanzo kwamba kukiwa na msiba nyumbani au kwa jirani wa ukuta mmoja, uani ni wa msiba. Hakuna aliyewahi kulipinga sharti hilo, kwa sababu kila mmoja wao ana kwao na amewahi kufiwa. Ninatuma ujumbe kwa wote mara tu ninapopata habari, hata kama ni saa nne usiku, na siku hiyo inakatwa kwenye malipo ya mwezi unaofuata bila wao kudai.

Ninyi mna nafasi zaidi yangu, kwa hiyo si lazima muwaondoe wote. Tengeni mstari wa nyuma, ulio mbali na mlango wa kanisa, uwe wa wale wa kutwa, na atakayeingia kabla ya saa mbili siku ya mazishi akubali kwamba hatatoka hadi msafara wa makaburini uwe umeondoka. Mwenye fremu anayefunga duka jioni hatapata shida. Mwenye shughuli ya kutoka mchana atajua tangu usiku kwamba siku hiyo atafute pengine. Ila mlinzi apewe orodha ya namba za simu za waegeshaji wote, na awe na salio la kupiga, maana siku ya mazishi mchungaji na wazee wa kanisa hawawezi kuitwa getini kwa ajili ya gari lililoziba njia ya jeneza.

Mjumbe_Kaloleni (mwuliza swali):

Nimekuelewa, mzee wangu. Nitapeleka pendekezo la kuanza na magari kumi ya mstari wa nyuma, yote ya wenye fremu wanaotambulishwa na msharika au jirani wa mtaa, kwa miezi mitatu, na sharti la msiba likiwa la kwanza kwenye karatasi.